Mnyoo wa Kitambaa cha Meza

Ilikuwa siku ya nne binti yetu Saidati hajameza kitu. Surua ilikuwa imeondoka ikatuachia mifupa. Uji aliutema, maziwa aliyatema. Tangu augue alikuwa amekubali kitu kimoja tu, mchuzi wa kambale, na soko zima la Gisenyi halikuwa na kambale. Kiangazi kilikausha udongo hata minyoo ya chambo haikupatikana. Utumbo wa kuku nao ulitafunwa na samaki wadogo kabla haujafika chini kwenye matope.

Ndipo mume wangu Kadiri, fundi cherehani, akamkumbuka Mzungu mmoja aliyekuja kushonewa kaptura. Yule alivulia mnyoo wa plastiki, laini, usiotafunika. Kadiri akachimba umbo la mnyoo kwenye kipande cha plasta ya ukutani, kiwe kalibu, kisha akanitazama.

"Mama Saidati, ile kitambaa ya meza."

Kitambaa changu cha plastiki, cha harusi. Mwaka uliopita nilimchapa Saidati kwa kukimwagia chai. Sasa nilileta mkasi mwenyewe.

Alikata, akayeyusha kwenye kopo pamoja na mafuta ya cherehani. Kipande cha kwanza kiliungua, moshi ukatutoa machozi. Mnyoo wa pili na wa tatu ilitoka imejaa mapovu. Sibomana, mvuvi jirani yetu, aliijaribu ziwani akairudisha.

"Baba Saidati, minyoo yako iko naelea. Kambale iko chini, haiko juu na bata."

Jina hilo la Baba Saidati lilinichoma. Kesho tungeitwa baba na mama wa nani?

Kilibaki kipande cha mwisho. Kadiri alikiyeyusha, nami nilimchukia kwa kujua suruali tu duniani. Mara akapiga funda la maji kwenye kikombe, akaipulizia plasta, fuu, kama anavyopulizia nguo kabla ya kuipiga pasi.

"Unafanya nini?"

"Nalowesha kidogo kama zile zote, isishike."

"Kadiri, hiyo si suruali."

Tuliitazama ile plasta. Maji, na plastiki ya moto juu yake ikiyachemsha: mapovu yetu yote yalikuwa hapo. Mume wangu akaweka kikombe kando, akaketi chini kama mzee.

Nilichukua pasi ya makaa, nikaiweka plasta juu yake hadi ikakauka kabisa. Alipomimina, mnyoo ulitoka mzima. Tuliutia kwenye beseni la maji ukazama, nami nikalia.

Sibomana aliupaka maini ya kuku, akaondoka nao. Alasiri alirudi na kambale wa urefu wa mkono.

Saidati alikaa na kijiko cha kwanza cha mchuzi mdomoni muda mrefu. Nilimwomba Mungu bila haya. Akameza. Cha pili akameza. Kisha macho yake yakaenda kwenye meza tupu, na vijipande vya pindo la kitambaa vilivyozagaa sakafuni, akajikunja ukutani.

"Mama," akasema, neno lake la kwanza kwa siku nne, "siyo mimi nilikata."