Pedali ya Pijo ya Baba

Usiku wa jana niliota nimelala chali chini ya Pijo 404 ya marehemu baba, na mvua ya Tukuyu inanyesha kutoka chini kwenda juu. Sikushangaa. Nilisogeza spana tu zisilowe.

Kazi yenyewe ni ya kweli. Mama yangu, Tusekile, ana miaka sitini na miwili na amepata leseni mwezi wa tatu. Ni mfupi, mguu wake haufiki kwenye pedali. Ya klachi na ya mafuta nilishazisogeza. Imebaki ya breki, ambayo lazima niukate mkono wake niungie kipande. Anataka kila Jumamosi ateremke Kyela kumwona mdogo wake, mama mdogo Tumpale, ambaye macho yamemwishia. Nilimwambia akalie mito. Akasema hateremki milima ile akiwa ameatamia kama kuku.

Mimi ni fundi magari mwaka wa ishirini huu, lakini kazi ya mama naiahirisha tangu masika. Kila nikishika msumeno naiona raba ya pedali ilivyolika upande wa kulia, palipokaa kiatu cha baba.

Basi ndotoni nikapeleka mkono, nikaikamata pedali.

"Shikamoo," nikasema, maana ni ya mwaka 1966 na mimi nimezaliwa 1981.

"Marahaba. Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kukukata."

"Afadhali. Miaka yote hii watu wanasema wamepiga breki. Hakuna hata mmoja aliyenipa pole."

Nikaipa pole. Ikasema imepoa.

Mara, ndotoni humo humo, nafungua nati ya kutoa upepo kwenye breki ya gurudumu la nyuma. Mama yuko kwenye usukani; simwoni, namsikia tu.

"Kanyaga," nasema.

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo."

Upepo unatoka, lakini si wa breki. Ni ule uliobaki garini tangu enzi za baba: mluzi wake, kikohozi chake, harufu ya ndizi mbivu, na sauti yake ya ujana ikimwambia mtu, "Polepole, usiiogope." Michai ng'ambo ya barabara inalala yote upande mmoja.

"Lwitiko, pedali inazama!" anaita mama.

Inazama kweli. Inapita sakafu ya gari, inapita udongo, nami naifuata nikiwa nimeishika shingo, mpaka tunatokea kwenye ofisi moja.

Nyuma ya meza imekaa jeki, imevaa miwani. Ikitaka kusema lazima kwanza ijiinue, nasi tunasubiri.

"Unaomba nini?"

"Ruhusa ya kusogeza pedali kwa sentimita nane."

"Umepima nini ukapata nane?"

"Mguu wa mama."

Jeki ikaiomba futikamba yangu ithibitishe. Futikamba ikatoka mfukoni yenyewe, ikapita mlangoni, ikateremka kona zote hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Kyela. Tuliisikiliza ikikwaruza lami. Iliporudi ilikuwa na matope.

"Hiyo ni hofu yako," jeki ikasema. "Imekuwa ndefu kuliko barabara. Mguu wa mama yako hukuupima kabisa."

Nikaona haya. Ni kweli, nilikadiria kwa macho.

"Swali la mwisho. Breki ikishika, inashika nini?"

"Gurudumu."

Jeki ikaandika kitu, kisha ikaigeukia pedali. "Wewe unasemaje?"

"Huyu anataka nimshikie mama yake asiondoke," pedali ikasema. "Mimi sikutengenezwa kwa mtu aliyekaa nyumbani."

Nikageuka nitoke, nikamkuta baba mlangoni. Alikuwa na shati lake la kanisani, kiatu kimoja ameshika mkononi.

"Mama yako hajambo?" akauliza.

"Hajambo, baba. Anataka kwenda Kyela."

"Na wewe unafanya nini huku?"

Nilitaka kumweleza habari za raba, kwamba nikiikata pedali sitapata tena mahali pengine mguu wake ulipokaa. Pedali ikaniwahi, tena kwa upole, kama mtu anayemsetiri mwenzake.

"Unadhani mimi ni ya mguu mmoja. Kabla wewe hujazaliwa, nilikanyagwa na mguu mdogo. Pekupeku. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa unatetemeka."

"Mguu wa nani?"

Jeki ikajishusha ghafla. Dari likaja nalo, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, mama anafagia uani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye Pijo, nikaibandua raba ile kwa bisibisi. Baba hakuwahi kuibandua mbele yangu, wala mimi sijawahi. Chini yake, kwenye chuma, palikuwa na matundu mawili ya skrubu, yamejaa kutu. Kiwandani hawakuyatoboa, yalikuwa yamekaa upande upande, kazi ya mtu na keke yake.

"Mama, hebu njoo. Haya ni ya nini?"

Akaja na ufagio wake, akainama. Akapitisha kidole juu ya tundu moja.

"Hapo palikuwa na kipande cha mbao," akasema. "Baba yako alikifunga ili nifikie, alipokuwa ananifundisha. Nilikuwa navua viatu. Halafu nikapata mimba yako, bibi yako akasema basi, mjamzito hakai kwenye usukani. Tukakitoa. Tukasema tutaendelea mtoto akishakua kidogo."

Akasimama wima, akanitazama juu mpaka chini.

"Umeshakua, mwanangu."