Gereji ya Wendell

Kimbunga kilikuwa kimetangazwa kuingia jioni. Jirani yangu Wendell akatoka na ndoo ya shayiri, juu yake amekatakata matufaha kama anayemwandalia mgeni wa heshima. Alitaka kumvuta Juniper, farasi-mwitu jike, na mtoto wake mchanga, awafungie gerejini kwake mpaka upepo upite.

Kazi yangu ni kuwalinda farasi hawa wa ufukweni. Nilipandwa na hasira.

"Wendell, rudisha hiyo ndoo ndani kabla sijakuvika kichwani!"

"Odessa, una roho gani wewe? Huoni katoto kalivyo? Upepo utakabeba!"

"Matumbo yao yamezoea nyasi za chumvi na za matuta ya mchanga. Tufaha linaweza kumsokota tumbo mpaka afe. Umeshamsahau Bosun?"

Bosun alikuwa dume la kundi la Juniper. Wageni walimlisha karoti, akaanza kukimbilia magari na kupokonya watoto vitafunio. Ikabidi tumwondoe, na farasi akishatolewa huku harudishwi. Sasa yuko bara, ndani ya uzio, anatazama barabara.

"Bosun si yu hai?" Wendell akasema. "Huyu kesho ni maiti, na itakuwa juu yako."

Nikaipiga ndoo teke. Akaenda kufunga gereji yake. Nilizoa shayiri na matufaha yote, farasi wasije wakala, na niliogopa kuliko yeye.

Kulipopambazuka, upepo umetulia, alinigongea mlango. Macho yalikuwa mekundu.

"Haya, mama mlinzi. Twende tukawatafute."

Tuliwakuta kwenye miti mifupi ya mialoni, mahali palipoinuka. Kundi lote lilikuwa limesimama bega kwa bega, makalio yameelekea upepo ulikotoka, na katikati yao mtoto wa Juniper, mzima, ananyonya. Nikajiziba mdomo nisipige kelele. Hakuna aliyewapeleka pale wala kuwapanga.

Kisha Juniper akatoka kwenda kunywa. Bahari ilikuwa imeingia kila dimbwi. Akanusa moja, akanusa la pili, akayaacha. Akapanda kidogo, akaanza kuchimba mchanga kwa kwato, akachimba, mpaka maji yakachuruzika chini ya shimo. Akanywa, akasogea, mwanawe akatia pua.

Wendell akavua kofia.

"Nani kamwambia kuna maji matamu pale?"

"Unaniuliza mimi? Muulize mwenyewe."

 Nilijiona mdogo sana mbele ya wanyama wale.

"Njoo uone kitu," Wendell akasema.

Alinipeleka nyuma ya nyumba yake. Kuta za gereji zilikuwa zimeondoka na maji, paa limelala juu ya sakafu. Mlango tu ndio ulikuwa umesimama, na kufuli yake imefungwa.