Boksi Kubwa na Boksi Dogo

Kapya alikuwa na Jumapili moja tu ya kumshawishi baba mkwe wake abaki Lubumbashi, na hakujua afungue boksi moja au mawili.

Mzee Constantin alikuwa ametoka Kabalo kuja kumwona mjukuu wake Hortense. Karatasi zake mpya zilimwita Kunda, maana serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini pale mtaani kwao, Bel-Air, hakuna aliyejisumbua na karatasi. Mkewe alikuwa amekufa mwaka uliopita. Binti yake Germaine, mke wa Kapya, alitaka akae nao hadi mvua ziishe, kwa sababu huko Kabalo hakuwa na mtu hata wa kumsongea bukari, yaani ugali. Mzee alijibu kwamba ataangalia. Treni yake ilikuwa ya Jumanne.

Shida yake ilikuwa kukaa bure. Aliendesha treni miaka thelathini na mmoja, na sasa kazi yake ilikuwa kuhesabu baiskeli zinazopita barabarani. Ndipo Kapya akakumbuka mchezo wa reli. Aliachiwa na injinia mmoja wa mtaa wa Karavia, bosi wake katika ofisi ya ramani, aliporudi kwao Ulaya. Boksi kubwa lilikuwa na ubao, vipande vya reli, stesheni na treni ndogo za bati. Kila mchezaji anaunganisha migodi na mji, na mjanja ni yule anayemzibia mwenzake njia. Boksi dogo lilitengenezwa baadaye, la kuongezea: maziwa, boti, madaraja, kadi za mafuriko, na kitabu kingine kizima cha sheria.

Germaine alisema afungue lile kubwa tu. Mzee ni mgeni wa mchezo. Hilo dogo litamngoja akibaki.

Kapya alikuwa anatazama sufuria. Mle ndani mlikuwa na kuku kutoka Kasungami, mzima, na firigisi imewekwa juu ili baba aione kwanza.

"Germaine, unaweza kumupa tata yako kuku bila firigisi?"

"Muchezo haiko kuku, ba Hortense."

Alicheka, akaendelea kukoroga. Lakini kwa Kapya neno lilikuwa limekwisha. Baba mkwe hapewi kitu kilichopunguzwa. Tena jirani yao Mwape, ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko, angemwambia mzee kwamba kuna boksi jingine limefichwa, na hapo mzee angefikiri nini? Hapa Kapya alikosea, na hakuna sababu ya kumpamba.

Baada ya misa na chakula wakatandaza ubao barazani, pamoja na maziwa yote. Mzee alichukua treni ya bati, akaigeuza, akapuliza vumbi kwenye magurudumu. Reli nne za kwanza alizilaza bila kuuliza kitu. Macho yake yalikuwa yamechangamka. Kisha akafika kwenye maji.

"Hapana, tata, hapo panataka daraja."

Akachukua daraja. Hapana, tata, daraja linawekwa zamu ijayo. Akajaribu boti. Hapana, tata, boti inangoja kadi. Katika nyumba ile mkwe hakupita mbele ya mzee na mikono mfukoni, na leo alikuwa anamkatalia huku kidole kiko kwenye kitabu cha Kifaransa ambacho mzee hakuweza kukisoma.

Mwape akaegemea ua. "We Kapya, leo unamufundisha shofere wa treni njia ya reli?"

Mzee alicheka, ila kidogo tu.

Kapya aliwaza kuyaondoa maziwa. Akaona kwamba kuyaondoa sasa ni kumwambia mzee kwamba ameshindwa, ni kama kumtolea firigisi kwenye sahani. Akaendelea. Jua lilipokwisha kuzunguka nyumba, mzee alishusha mikono magotini.

"Mukwe, bila hii maji, muchezo unaenda?"

"Unaenda, tata. Unaenda muzuri."

"Basi uliniletea maji juu ya nini?"

"Sikutaka kukupa nusu."

Mzee alimtazama bila hasira. "Mimi walinipa treni kwanza," alisema. "Madaraja niliyakuta mbele, nikiwa naendesha."

Akairudisha treni ya bati ndani ya boksi kubwa, polepole, akasema anakwenda kupanga mfuko wake.

Jumanne Kapya alimbebea mfuko hadi stesheni. Mzee hakurudi mwaka ule, wala uliofuata. Aliporudi, Kapya alifungua boksi kubwa tu, na wakacheza mpaka wakaitwa kula.

Germaine, siku ile ya kwanza, alikuwa anazihesabu zile 'hapana' akiwa jikoni. Boksi dogo liliwagharimu hapana kumi na nne, mchezo mmoja ambao haukuisha, na misimu miwili ya mvua ambayo baba yake aliipitisha Kabalo peke yake.