Abiria Wanne wa Kingerikiti

Mimi ndiye niliyewahesabu watu wa Kingerikiti. Novemba ile nilikaa kituoni na fomu yangu tangu alfajiri hadi jua likazama, nikiweka alama kwa kila aliyepanda gari. Tulikuwa tunapanga mtandao mmoja wa usafiri wa mkoa: mabasi ya Mbinga yakutane na meli Mbamba Bay, tiketi moja, ratiba moja. Kituo chenye abiria chini ya arobaini kwa siku kingeachwa.

Siku hiyo walipanda wanne.

Sikuwa mjinga. Nilisikia vilio asubuhi, nikaona majembe yakipelekwa makaburini. Kukiwa na msiba kule, watu hawasafiri wala hawaendi shamba mpaka marehemu azikwe. Mimi ni mtu wa Moshi, lakini nilikuwa na miaka minne Ruvuma na hilo nililijua vizuri. Ningengoja siku mbili tu. Ila kesho yake nilipangiwa Mkumbi, ripoti ilitakiwa Ijumaa, na nilikuwa nimechoka kulalia vitanda vya watu. Sehemu ya maelezo kwenye fomu nikaiacha wazi, bila kuutaja msiba. Uvivu, basi. Sina jina lingine la kuupa.

Mmoja wa wale wanne alikuwa Gaudiosa, mkwe wa Mzee Mansuetus aliyenipa malazi. Alikuwa mjamzito, anakwenda kliniki Mbinga. Mtoto wa kwanza alimpata kwa upasuaji, na nesi alimwonya asithubutu kuzalia nyumbani. Akina mama walimsema sana kwa kuondoka siku ya msiba.

"Kaka Goodluck, hilo basi jipya litapita kwetu?" aliniuliza akipanda.

"Litapita, dada. Usiwe na wasiwasi."

Mtandao ulizinduliwa Machi kwa ngoma na hotuba. Mabasi yalipita njia panda, kilomita kumi na mbili kutoka kijijini. Gari la zamani la asubuhi likanyimwa leseni kwa sababu njia yake haikuwa kwenye ramani. Ramani niliichora mimi.

Iliniuma. Aprili nikamwendea mkuu wangu, Steven, nikamwambia hesabu ya Kingerikiti ina kasoro.

"Kahesabu tena," alisema bila kuinua macho. "Siku moja tu."

Nikaenda Jumanne. Safari hii ningehesabu wote wanaoelekea njia panda, kwa miguu au kwa bodaboda. Mpaka saa nne hakupita hata mmoja. Nikainuka kwenda kwa Mzee Mansuetus kuuliza kulikoni.

Uwanja wake ulikuwa umejaa watu. Ndani wanawake walikuwa wanalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa mekundu. "Uchungu ulimshika Gaudiosa juzi, mvua inanyesha. Bodaboda wakaogopa utelezi. Tukambeba kwa machela. Tulipofika njia panda basi lilikuwa limeshapita, na jingine halikuja. Alifia pale, na mtoto tumboni."

Mzee aliitazama fomu mkononi mwangu.

"Leo tena umekuja siku ya msiba, mwanangu," alisema taratibu. "Utaandika wangapi?"

Walikuwepo wote, zaidi ya watu mia tatu, na sikuweza kumtazama hata mmoja.