Jalada la Mjomba Pasi

Mara ya nne walipofika dirisha la nne, afisa hakuuliza tena shida yao. Alimtazama Kitinda, akamtazama na mwanamume aliyesimama nyuma yake na kofia mkononi, akasema jalada bado halionekani. Kitinda akataka kujua kama halionekani kwa sababu limepotea, au kwa sababu hakuna aliyelitafuta. Afisa akamweleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara mia, kwamba ili idara ikubali jalada limepotea, mwombaji alete nakala ya barua ya mwisho iliyomo ndani ya jalada hilo.

"Iliyomo ndani ya jalada lisiloonekana," Kitinda akasema.

"Utaratibu ndio huo, dada." Akaita namba inayofuata.

Kitinda hakuumbwa kwa ajili ya foleni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, kitinda mimba wa mwenye dobi, na jina hilo lilimganda tangu utotoni hata wafanyakazi wakamwita hivyo hivyo. Kaka zake walikwenda kutafuta maisha mbali. Baba yao alipofariki, miaka miwili nyuma, dobi ikabaki mikononi mwake: jengo la mabati nyuma ya hospitali, mashine tano za kufua, mbili za kukaushia, na meza ndefu ya pasi ya mvuke. Kila siku mashuka mia nne ya wodini yaliingia yakiwa na madoa ya damu na dawa, na kila siku yalitoka meupe, yamenyooka, pembe kwa pembe.

Aliyeyanyoosha ni Mjomba Pasi. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale, wala hakuzaliwa katika nchi hiyo. Alivuka mpaka akiwa kijana wa miaka ishirini na nne kutafuta kazi, baba yake Kitinda akampa pasi siku ile ile, na sasa ulikuwa mwaka wa ishirini na saba. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la mvuke kutoka kiwiko hadi kidole gumba. Kitinda alijifunza kusoma akiwa amekaa chini ya meza yake.

Mambo yalianza na barua ya hospitali. Kabla mkataba haujaongezwa mwisho wa mwaka, kila anayeshika mashuka ya wagonjwa awe na vibali halali. Kitinda alidhani ni kazi ya saa moja. Akawaambia wafanyakazi walete karatasi zao, na Mjomba Pasi akaleta mfuko wa nailoni wenye kibali kimoja cha kazi, plastiki yake imegeuka rangi ya chai. Kilikuwa kimekwisha muda miaka tisa iliyopita.

Kitinda alimuuliza ameishije miaka yote hiyo. Mjomba akasema akiona askari hupita njia nyingine. Akalisema hilo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Basi wakaanza kupigwa danadana. Dirisha la nne liliwatuma dirisha la saba, la saba likataka picha mbili zenye mandhari ya bluu, wakaleta, likasema sasa ni nyeupe. Siku moja mtandao ulikuwa chini. Siku nyingine mtandao ulikuwepo lakini mwenye neno la siri alikuwa likizo. Walikaa kwenye mabenchi ya chuma tangu asubuhi, huku dobini mashuka yakirundikana na msichana wa mashine akipiga simu kuuliza afanyeje. Ili muda upite, Kitinda alizungumza. Alimkumbusha Mjomba jinsi baba alivyomkimbiza hospitali siku ile ya mvuke, jinsi ambavyo hakumtupa mfanyakazi hata mmoja. Baba angekuwa hai, alisema zaidi ya mara moja, jambo hili lingeisha siku moja. Mjomba Pasi alikuwa akiitikia "mmh" na kuizungusha kofia yake.

Siku hiyo ya nne Kitinda hakuondoka. Alimwambia Mjomba ajikaze kisabuni, akashuka naye ngazi hadi chini kabisa, mahali palipoandikwa Masjala, akagonga mlango ambao wananchi hawakutakiwa kuugonga. Alifungua mama mmoja wa karibu na kustaafu, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Kitinda alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Yule mama akauliza tu jina linaandikwaje. Alipolisikia, akacheka puani, akasema hao wa juu hutafuta jina la kwanza mahali pa jina la baba, kisha husema halionekani. Dakika kumi baadaye jalada lilikuwa mezani, na vumbi lake.

Kitinda alitamani kupanda juu akalibamize dirisha la nne. Wiki saba za kusubiri, na jalada lilikuwa hatua hamsini kutoka pale walipoketi.

Lakini jalada lilikuwa jembamba, na yule mama alipolifungua uso wake ulibadilika. Barua ya juu kabisa ilisema mfanyakazi huyu ametimiza miaka inayotakiwa na anastahili ukaazi wa kudumu. Kilichobaki ni mwajiri wake kufika na kutia saini ya udhamini. Chini yake kulikuwa na barua ya kukumbusha, na nyingine, na nyingine tena. Mwishoni muhuri: *Mwajiri hakujibu. Jalada limefungwa.* Zote zilikuwa zimetumwa kwa sanduku la posta la dobi.

"Huyu mwajiri ndiye nani kwako?" mama wa masjala akauliza.

Kitinda akasema ni baba yake. Mjomba Pasi alikuwa akisoma tangazo la ukutani.

Mama wa masjala akawaeleza polepole, akiwa amesimama nyuma ya mlango ili asionekane. Zilikuwepo njia mbili. Wangeweza kusema barua hazikufika. Hapo idara ingemhesabu kama mtu aliyejificha miaka tisa, aanze upya, tena ashukuru kama hawatamwambia aondoke. Au mwenye dobi wa sasa aape kwa maandishi kwamba barua zilifika na mwajiri akazikalia. Hapo kosa halingekuwa la mfanyakazi, na miaka yake ingehesabiwa yote.

Jioni hiyo Kitinda alikwenda kwa mama yake, moja kwa moja hadi kwenye kabati la chumbani, baba alimokuwa akiweka karatasi zake. Hakuwa na haja ya kupekua. Mama yake alimwangalia kidogo, akavuta droo ya chini, akatoa bahasha ya kaki. Barua nne zilikuwa humo, zote zimefunguliwa, na pamoja nazo pasipoti ya Mjomba Pasi.

Mama alizungumza bila kupepesa macho. Alisema mwaka ule kulikuwa na hoteli iliyomtaka Mjomba, na karatasi hizo zingemfungulia mlango. Akiondoka yeye, kazi ya hospitali ingekwenda, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeweza mashuka mia nne. Kitinda alikuwa chuoni. Baba yake hakuwa mtu mbaya, alisema, alikuwa akingoja kidogo tu, na huko kungoja kukamzidi. Kisha akamtaka mwanawe aseme barua zilipotea posta, mambo yaishe.

Kitinda akamkumbusha kwamba mama mzazi wa Mjomba alifariki miaka sita iliyopita, na Mjomba hakwenda kumzika. Wote walisema hapendi safari.

"Nakumbuka," mama akasema. "Nilipika chakula cha matanga hapa hapa. Lakini wewe unataka kumvua nguo baba yako mbele ya watu, naye hawezi kujisitiri."

Usiku ule Kitinda alitoka na bahasha kwapani. Asubuhi alimkuta Mjomba Pasi mezani kwake, mvuke ukipanda, akalaza bahasha juu ya shuka safi. Mjomba aliitambua pasipoti yake, akaifungua ukurasa wenye picha, akamtazama yule kijana wa zamani.

"Nilijua," akasema.

Alikuwa amejua tangu barua ya pili. Karani mmoja alimwambia dirishani, Mjomba akaenda kwa baba yake Kitinda, naye akamwambia asubiri kidogo. Akasubiri. Hakuuliza tena, kwa sababu aliyekuwa na pasipoti yake ndiye aliyekuwa na kila kitu chake.

Hapo ndipo hasira ya wiki zote ilipompanda Kitinda, na ikamwangukia asiyestahili. Alimuuliza kwa nini amemwacha azunguke kama kichaa, dirisha hadi dirisha, picha za bluu na nyeupe, naye akijua kilichomo ndani ya jalada.

"Kila tukikaa benchi ulikuwa unamsifu baba yako," Mjomba akasema. "Ningekukatiza vipi, mwanangu?"

Akavuta shuka jingine na kulikandamiza, kwa nguvu kuliko shuka lilivyohitaji.

Kitinda aliapa Alhamisi. Aliandika mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu, bila kumpamba baba yake na bila kumtukana. Afisa wa dirisha la nne aliusoma wote, mara ya kwanza kumwona akisoma kitu mpaka mwisho, kisha akasema kuna kosa: tarehe ianze na siku, siyo mwezi. Kitinda akarudi nyumbani, akaandika tena.

Hospitali ilikubali kusubiri miezi mitatu. Idara ilichukua mitano. Kitinda alikwenda hospitali kuomba miwili ya ziada, akasimama mbele ya msimamizi wa ununuzi kama mtoto aliyesahau kalamu. Mama yake aliacha kuja dobini. Akipigiwa simu alijibu kwa neno moja moja, na ndugu wawili wa baba walimtumia Kitinda ujumbe ambao hakuumaliza kuusoma.

Majibu yalipokuja hayakuwa yale ya barua ya kwanza. Sheria ilikuwa imebadilika katikati, wakasema. Miaka yake imehesabiwa, lakini kwa sasa anapewa ukaazi wa miaka miwili, aweze kusafiri na kurudi, kisha aombe upya ule wa kudumu. Kitinda alitaka kukata rufaa hapo hapo. Mjomba Pasi alimshika mkono, akamwambia ruhusa ya kwenda na kurudi inatosha.

Alisafiri mara tu pasipoti mpya ilipotoka. Alikaa wiki tatu kwao, akajengea kaburi la mama yake, akamkuta dada yake ana wajukuu. Wiki hizo Kitinda alipiga pasi mwenyewe, akaunguza mashuka kumi na moja, na wauguzi wakarudisha marundo mawili.

Mjomba alirudi Jumatatu, akaning'iniza kofia, akafanya kazi hadi jioni. Kisha akamwambia Kitinda kwamba atakaa mpaka amfundishe msichana wa mashine kazi ya meza, labda miezi minne, halafu ataondoka. Dada yake alikuwa na chumba kinachotazama barabara. Angefungua dobi yake huko.

Kitinda alikasirika, huku akijua kwamba hasira hiyo hana haki nayo. Alifikiria karatasi zile za miaka miwili alizozipigania, ambazo sasa zingekaa bila kazi. Alitaka kumwambia asubiri kidogo. Neno lilimfika ulimini, akalitambua limetoka kwa nani.

Mjomba Pasi akamuuliza barua ya kuacha kazi huandikwaje, maana hakuwahi kuandika. Kitinda akavuta kiti, akachukua kalamu, akaanza na tarehe, siku kwanza, kisha mwezi.