Chokaa Kwenye Bampa

Cha kwanza binti alichokiona ni chokaa. Si ule mbonyeo kwenye bampa, wala taa ya nyuma iliyopasuka, maana hivyo hata kipofu angevipapasa. Ni chokaa, mstari mwembamba kama uzi, na alipoupitishia kidole ukatoka ukabaki kidoleni. Rangi ya gari haitoki kwa kidole. Akajifuta haraka kwenye aproni, na humo mfukoni kipande chekundu cha taa kikamchoma, kama kumkumbusha kwamba nacho kipo.

"Ni Waya!" shangazi yake alisema, akilizunguka gari kama kuku aliyeona mwewe. "Gari lake jeupe, mstari mweupe. Kuna la kuuliza hapo?"

Waya alikuwa fundi umeme wa nyumba ya pili, na kila asubuhi aligeuza gari lake katika ua huu waliotumia wote. Shangazi alikuwa mshona mapazia. Gari lake dogo ndilo lililobeba vitambaa, fito na ngazi hadi kwa wateja, na binti huyu ndiye aliyeishika ngazi shangazi akipanda kutundika. Kazi isiyotaka maneno. Walimwita Kimya, naye aliitikia.

"Mwanangu, mbona unatangatanga? Hebu tulia."

Akakaa. Akasimama. Akachukua ufagio, akafagia mahali alipokwisha kufagia.

"Nimemwita bwana wa bima ili Waya alipe. Akija," shangazi akaonya, "lile neno lisitajwe."

Lile neno ni ajali. Kwa miaka saba shangazi hakuwahi kuidai bima hata senti, na kwa sababu hiyo alipunguziwa ada kila mwaka. Hilo ndilo punguzo la kutodai, na shangazi alijivunia punguzo lake kama wengine wanavyojivunia watoto. "Mimi sidai wala sidaiwi," ndio ulikuwa wimbo wake, mpaka wateja wakambandika jina la Bi Sidai. Aliamini neno ajali likiingia tu masikioni mwa mtu wa bima, punguzo linaruka palepale kama ndege aliyesikia mlango. Kwa hiyo tangu asubuhi nyumbani mle ajali iliitwa "ule mguso."

Kimya alikuwa anaujua mguso ule kuliko wote. Jana alasiri alitumwa garini kuchukua fito. Akafanya kama alivyofanya mwezi mzima kila alipotumwa: akaketi kiti cha dereva, akashika usukani, akahesabu hadi kumi. Huwa anatoka hapo. Lakini jana alitaka kujua breki ya mkono inakuwaje ikishushwa. Gari likaanza kurudi nyuma polepole, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Alipoivuta tena breki, nguzo ya lango, ile iliyopakwa chokaa, ilikuwa imeshasema *kwa!* Akaishusha tena, akalisukuma gari kwa bega mpaka likaachana na nguzo, akavuta breki, akaokota vipande. Kimoja akakisahau mfukoni. Au hakukisahau.

Bwana wa bima alifika kabla ya saa nne, na mkoba wake kwapani. Waya naye akaja anafuta mikono.

"Bi Sidai leo anadai!" Waya akacheka. "Basi dunia imekwisha."

"Cheka tu. Utacheka mpaka meno yaote ukungu. Kunigongea gari halafu unanichekea!"

"Mimi? Shangazi, gari lako sijaligusa hata kwa ndoto!"

"Jamani," bwana wa bima akaingilia, "nyote wateja wangu. Nisikilizeni." Akaonyesha ngazi iliyoegemezwa ukutani. "Punguzo ni kama ile ngazi. Mwaka mmoja bila kudai, unapanda kidato kimoja. Bi mkubwa, wewe uko juu kabisa. Ukidai kwenye bima yako, unateremshwa vidato kadhaa, na mwaka ujao ada inapanda. Ikithibitika Waya ndiye aliyekugonga, dai linakwenda kwenye bima yake. Hapo anayeteremka ni yeye."

"Ateremke!" shangazi akasema.

Waya hakucheka tena. "Mimi ndio kwanza nina vidato viwili. Ada ikipanda gari litalala. Kazi zangu nitazifuata na nini, na nyaya kichwani?"

Kimya akaigusa ile ngazi. Akaiachia. Mkono ukarudi mfukoni wenyewe.

"Sasa huu... mguso," shangazi akamnong'oneza bwana wa bima, "kwa kukutajia tu, punguzo langu si limeshakwenda?"

Mwanamume yule akacheka mpaka mkoba ukamponyoka. "Nani alikudanganya? Kutaja hakukupunguzii kitu. Tena mkataba wako unataka utaje. Taarifa ni taarifa, dai ni dai. Unaweza kunieleza yote, taa ukanunua mwenyewe, na kidato chako kikabaki palepale. Kibaya ni kuficha."

Akatoa fomu. Shangazi akapapasa kichwani, miwani haikuwapo. "Nisomee, mwanangu."

Kimya aliacha shule darasa la tano. Kusoma alisoma, ila kwa kidole, neno baada ya neno, kama anayevuka mto juu ya mawe. Tarehe. Mahali. Kidole kikafika mstari wa tatu.

"Nani... alikuwa... kwenye... usukani."

"Andika hakuna," shangazi akasema. "Gari lilikuwa limeegeshwa."

Bwana wa bima akainua kalamu. Waya aliangalia chini, akizungusha bisibisi kiganjani, mbele, nyuma, mbele. Kidole cha Kimya kiligoma kuondoka juu ya neno lile.

"Mimi," akasema.

"Wewe nini?"

Akakitoa kile kipande chekundu, akakiweka juu ya fomu. "Waya hakugonga. Ile nyeupe ni chokaa ya nguzo. Nilishusha breki ya mkono."

"Kumbe Kimya ana sauti!" Waya akasema, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye.

Shangazi akaenda kwenye bampa, akapitisha kidole. Kikatoka cheupe. Aliporudi, alisimama kwanza mbele ya Waya. "Nisamehe, jirani. Ulimi umenitangulia."

"Yameisha, shangazi."

Bwana wa bima akaandika taarifa, mistari michache tu. Palipoandikwa kiasi kinachodaiwa akapiga mstari, akafunga kalamu.

"Taa tutanunua," shangazi akamwambia Kimya. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi. "Lakini nieleze. Fito huwa nyuma. Kwenye kiti changu ulikuwa unatafuta nini?"

Angeweza kusema sijui. Neno hilo lilimwokoa tangu utotoni, na lilikuwa tayari mdomoni. Akaangalia mikono yake. Ilikuwa imetulia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nataka kujifunza kuendesha, shangazi," akasema. "Kushika ngazi nimechoka."