Mama Mkwe Chini ya Sinki

Mwanawetu alikuja Nachingwea kumlea mzazi. Binti yake Ashura alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, wakamwita Swalehe. Kama desturi inavyotaka, mama mtu akafunga safari kutoka kijijini kwake Narung'ombe na kikapu cha choroko, unga wa mtama na majani ya kumkandia mzazi, akae naye siku arobaini.

Nyumba ya Ashura na mumewe Shaban ilikuwa mpya, ina vigae sakafuni na jiko la ndani lenye sinki la chuma linalong'aa. Kijijini Mwanawetu aliosha vyombo uani, kwenye beseni, amekaa kwenye kigoda. Hapa aliosha amesimama, maji yakija yenyewe na kuondoka yenyewe, na hakuficha kwamba alipenda.

Siku ya kumi na tano sinki likaziba. Fundi Rashidy akaja, akachokoa kwa waya kutokea juu, akamwaga unga wa dawa, maji yakashuka, akaenda zake. Wiki mbili hazikuisha, maji yakaanza tena kushuka kwa kusuasua. Jioni ile Mwanawetu alikuwa chumbani, mtoto amelala mapajani pake, akamsikia mkwewe sebuleni akisema kwa sauti ya chini:

"Mama hajazoea sinki. Mweleze taratibu, asije akaona namsema."

"Nitamwelezaje?" Ashura akauliza.

"Sijui. Lakini tangu amekuja limesumbua mara mbili."

Shaban hakuwa mtu mbaya. Alimheshimu mama mkwe wake kama ilivyopasa: alimwamkia akiwa mlangoni, macho chini, na hakukanyaga jikoni kama yeye yumo. Hapo ndipo palipomuuma Mwanawetu. Mkwe hawezi kumsema, na yeye hawezi kumjibu. Kesho yake akatoa vyombo vyote nje, akaoshea kwenye beseni. Ashura akaona, akaendelea kunyonyesha. Siku zikapita hivyo, kila mmoja akijifanya hakuna kitu.

Kulikuwa na jambo ambalo mle ndani hakuna aliyelifikiria. Kwa miaka kumi na moja Mwanawetu alikuwa ndiye mtunza pampu ya kisima kijijini kwake. Kamati ya maji ilimchagua baada ya wanaume wawili kushindwa, mafunzo akapewa, na tangu hapo pampu ikikohoa ni yeye aliyeitwa. Aliifungua nati kwa nati, akabadilisha mpira uliolika, akaifunga, watu wakateka maji. Ashura alilijua hilo tangu akiwa shule, ila kwake lilikuwa jambo la kijijini tu, kama kupalilia ufuta.

Siku ya arobaini ikafika, Jumamosi. Shaban alitoka alfajiri kufuata viti na turubai. Mama yake, Bi Saada, alikuwa njiani kutoka Ruangwa na wanawake wa ukoo. Majirani walishaanza kukaanga vitunguu vya pilau uani, na nyama ilikuwa inasubiri kuoshwa, ndipo Ashura akafungua koki jikoni. Maji yakajaa. Yakasimama pale pale, ya kijivu, maganda ya vitunguu yakielea juu.

Akampigia Rashidy. Kwenye simu zikasikika vuvuzela na kelele za watu.

"Niko Ruangwa, dada! Leo kuna mechi!" fundi akapiga kelele. "Nitakuja kesho!"

Ashura akaketi juu ya gunia la mchele na machozi yakamtoka. Kisha akainuka, akachukua kopo la dawa ya kuzibulia aliyoacha fundi.

"Weka chini hilo," mama yake akasema. "Nitaingiza mkono humo."

"Mama, wewe? Na gauni hilo la sherehe?"

"Litafuliwa. Nipe ndoo na uniwashie tochi ya simu."

Mwanawetu akafunga khanga kiunoni, akavaa mifuko ya nailoni mikononi, akateka maji ya sinki kwa kopo mpaka yakabaki kidogo. Akapiga magoti, akaingiza kichwa kabatini. Chini ya sinki bomba lilishuka, likaingia kwenye kikombe cha plastiki, kisha likatokea ubavuni kuelekea ukutani. Akakitazama kile kikombe. Kilikuwa na nyuzi za kufungulia, sawasawa na vitu alivyovizoea. Rashidy hata hakuinama kukigusa.

Akaweka ndoo chini yake. Akazungusha kitambaa kwenye kikombe kisiteleze, akakaza mkono, akakinyonga. Kikagoma. Akanong'ona neno moja la Kimwera ambalo Ashura hakuwahi kufundishwa, akanyonga tena. Kikaachia. Maji yenye harufu kali yakamwagika ndooni, na kikombe kikatoka kizito kama kimejaa udongo.

Kilikuwa kimejaa kweli. Juu mafuta yaliyoganda meupe kama mshumaa, katikati punje za wali, na chini kabisa mchanga, tabaka la vidole viwili.

Mwanawetu akaumimina mchanga ule ndooni pamoja na mafuta. Kisha akakisafisha kikombe, akaukagua mpira wa kuzuia kuvuja, akarudishia kila kitu, akamwaga jagi la maji. Maji yakashuka kidogo, yakasimama.

"Bado," Ashura akasema.

"Kuna kingine kilichoziba ukutani. Bomba linatokea wapi nje?"

Wakazunguka nyuma ya nyumba. Mwanawetu akafunua mfuniko wa chemba ya maji machafu, akaona mdomo wa bomba ukidondosha tone moja moja. Akauchomeka humo mpira wa kumwagilia mchicha, uliounganishwa na koki ya uani, akausukuma hadi ukagoma, akazungushia tambara mdomoni na kulishikilia.

"Fungua koki ya mpira, taratibu. Kisha kimbia jikoni ukatazame sinki."

Bi Saada alifika wakati huo huo, amevaa baibui jipya, anamtafuta mkwe mwenzake amwamkie. Akamkuta amechuchumaa kwenye chemba, ameloa hadi kiunoni.

"Mkwe! Kulikoni?"

"Shika hapa," Mwanawetu akamwambia, kwa kuwa mkono ulishachoka. Bi Saada akakunja baibui, akashika tambara.

Mpira ukatetemeka. Kitu kikanguruma ndani ya ukuta. Mwanawetu akauchomoa mpira kwa nguvu, na donge la mafuta refu kama muhogo likaruka nje, likafuatiwa na maji ya kijivu yaliyomiminika kwa kishindo. Jikoni Ashura alikuwa akipiga kelele: "Yanashuka! Mama, yanashuka!"

Shaban aliporudi na viti alikuta wanawake wamejaa mlango wa jikoni, na mama yake akisimulia kwa mikono miwili. Akasimama nje, hajui aingie au asiingie. Mwanawetu akatoka na ndoo, akaiweka mbele yake.

"Mkwe," akasema, "mchanga huu ni wangu. Kijijini tunasugulia sufuria, na siku za mwanzo nilisugulia humu ndani. Sikujua. Lakini haya mafuta ni yenu. Mnakaanga maandazi na samaki, mnamwaga mafuta ya moto, yakifika ukutani yanaganda, na mchanga wangu unanasa humo. Tumeziba wote."

Shaban akainama akaitazama ndoo. Halafu akainua macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe.

"Mama, nilikusema vibaya. Nisamehe."

"Nilikusikia. Yameisha. Sasa sikilizeni." Hakupaza sauti, ila hata wakaanga vitunguu walisogea. "Mafuta yaacheni yapoe, yamwageni kwenye kopo, kikaango kifuteni kwa karatasi kabla ya kukiosha. Makombo ni ya kuku. Kwenye hilo tundu nimeweka chujio la chai lililokatika mpini, msilitoe. Kila Ijumaa mwageni maji ya moto na sabuni. Na hicho kikombe chini, kifungueni kila mwezi. Wewe, Shaban, ndiye utakifungua. Njoo nikuonyeshe."

Basi, mbele ya wageni, mama mkwe na mkwe wake wakapiga magoti jikoni, vichwa kabatini, yeye akielekeza na Shaban akinyonga. Bi Saada akapiga kigelegele ambacho hata wenye turubai walikisikia.

Walipomaliza, Mwanawetu akaoga, akavaa gauni la kuazima la binti yake, likimbana mabegani. Akakalishwa kwenye mkeka wa mbele, Swalehe akawekwa mikononi mwake. Mwanamke mmoja kutoka Ruangwa akainama kumuuliza Ashura yule ni nani.

Ashura akanyoosha mgongo.

"Mama yangu," akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Fundi wa pampu, Narung'ombe. Miaka kumi na moja."